Manowari na Bomba Tatu: Somo la Kuunda Modeli ya Königsberg kwa Skeli ya 1:200

Juni 1914 meli ya kivita ya Kijerumani ilitia nanga Dar es Salaam, na watu wa mji hawakuhangaika na jina lake gumu. Waliitazama, wakahesabu mabomba ya moshi, wakaiita "manowari na bomba tatu". Basi. Kwa Wajerumani ilikuwa SMS Königsberg. Mimi nalipenda zaidi jina la kwetu, maana aliyelitunga alifanya kazi ile ile ambayo somo hili linataka kukufundisha: alisimama pembeni, akaliangalia umbo, akachagua alama moja inayoitenganisha meli hii na nyingine bandarini.

Somo lenyewe ni uundaji wa modeli ya manowari kwa skeli, yenye vipande vidogo vyote hadi mizinga, ngazi na nyaya. Najua kuna walioanza kucheka kwamba haya ni mambo ya watoto, au ya wazee wa Ulaya waliostaafu wakakosa la kufanya. Subirini kidogo. Tangu karne ya 17 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likitengenezewa modeli za mbao za meli zake, nyingi kwa skeli ya 1:48, na leo zimetunzwa kwenye makumbusho kama ushahidi wa namna meli hizo zilivyojengwa. Kule Kure, Japani, kuna modeli ya manowari Yamato kwa skeli ya 1:10. Ina urefu wa mita 26.3. Hicho siyo kitu cha kuchezea kwenye zulia.

Nimeichagua Königsberg kwa sababu inawahusu watu wa vitivo viwili ambao kwa kawaida hawaongei: wahandisi na wanahistoria. Vipimo vyake vinajulikana, na mwisho wake ulikuwa kwetu, kwenye delta ya Rufiji. Tena, mabaki yake mengine unaweza kuyafikia kwa basi.

Kwanza chagua siku

Anayeanza hukimbilia gundi. Mzoefu anaanza na kalenda. Hakuna mtu anayeunda "Königsberg" hivi hivi tu. Unaunda Königsberg ya siku fulani, kwa sababu meli hubadilika kama nyumba inavyobadilika. Usipochagua siku utatengeneza meli yenye mlingoti wa mwaka huu, rangi ya mwaka ule na mizinga ya mwaka mwingine, yaani meli ambayo haijawahi kuwepo.

Tuangalie siku zenyewe. Ilishushwa majini Kiel tarehe 12 Desemba 1905 na kuanza kazi Aprili 1907. Hiyo ni Königsberg mpya, safi, kazini kwenye bahari za Ulaya. Kisha kuna ile ya Juni na Julai 1914 bandarini Dar es Salaam, chini ya nahodha Max Looff. Iliondoka tarehe 31 Julai, vita vikiwa mlangoni, na siku chache baadaye ikaikamata meli ya biashara ya Kiingereza City of Winchester upande wa Oman. Halafu kuna asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, ilipoikuta HMS Pegasus Zanzibar ikiwa katika matengenezo ya mitambo, ikaizamisha palepale bandarini. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako kwenye kisiwa cha Chapwani mpaka leo.

Na kuna ile ya Rufiji. Baada ya Zanzibar, Königsberg ilijificha kwenye mito ya delta, mitambo yake ikihitaji matengenezo na makaa ya mawe yakiwa haba. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, wakafunga midomo ya mto. Ikakaa humo hadi Julai 1915. Humo ndani ya delta haikufanana tena na picha za Kiel: ilifichwa kwa majani na matawi, na baadhi ya mizinga midogo na mabaharia walipelekwa ukingoni kulinda njia za maji.

Mimi nachagua Rufiji, na nakushauri wewe pia. Siyo kwa sababu ni rahisi. Ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa itakubidi uunde meli pamoja na mahali.

Ukishachagua siku, tafuta michoro na picha. Hapa kuna mtego mmoja ambao umewanasa wengi. Königsberg ilikuwa na dada zake watatu: Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Vitabu vinaziweka kundi moja, na mtu akipata mchoro wa Stuttgart anadhani amemaliza kazi. Hapana. Hao watatu walijengwa baadaye kidogo na wakarefushwa. Königsberg ina urefu wa mita 115.3, wenzake wanazidi mita 116. Ukitumia mchoro wa dada mtu, mabomba na madirisha yatakaa mahali pasipo pake, na mtazamaji mwenye macho ataliona hilo kabla hujamkaribisha kiti.

Picha nazo zisomwe, zisitazamwe tu. Tafuta ndani ya picha kitu ambacho unajua kipimo chake, kwa mfano mtu aliyesimama au mtutu wa mzinga, kisha linganisha na kitu kilicho karibu naye. Nasisitiza karibu naye, kwa sababu kilicho mbali na kamera kinaonekana kidogo, na hesabu yako itaharibika. Kivuli kitakuambia kama ukuta umepinda au umenyooka. Imperial War Museum ya London ina picha za Königsberg ikiwa imelala kwenye matope baada ya mapigano. Hizo ni mali, kwa sababu meli iliyoinama inakuonyesha sitaha yake, sehemu ambayo picha za bandarini huwa zinaficha.

Hesabu ambazo hazikwepeki

Watengenezaji wa plastiki wanapenda 1:700 na 1:350. Kampuni za Japani zilianza mfululizo mkubwa wa 1:700 mwaka 1971, na kwa chumba kidogo skeli hiyo inafaa. Kwa modeli za karatasi, Wajerumani wamezoea 1:250 na Wapoland 1:200. Kwa mtu wa hosteli anayetengeneza kila kitu kwa mkono naipendekeza 1:200, kwa sababu ya hesabu hizi:

Mita 115.3 ukigawa kwa 200 unapata milimita 576.5, yaani chini kidogo ya sentimita 58. Inakaa juu ya kabati. Upana wa mita 13.2 unakuwa milimita 66. Kina cha meli chini ya maji, mita 5.29, kinakuwa milimita 26 na kidogo. Kwa 1:700 meli nzima ingekuwa na urefu wa sentimita 16 na nusu, na mzinga ungekuwa kama unywele. Kwa 1:100 ingezidi mita moja, na mwenzako wa chumbani angekufukuza.

Sasa hapa ndo pazuri. Urefu unagawanywa kwa 200, lakini uzito haugawanywi hivyo. Uzito unafuata ujazo, na ujazo ni urefu mara upana mara kina, kwa hiyo unagawa kwa 200 mara tatu: milioni 8. Meli ya tani 3,390 inakuwa gramu 424. Chini ya nusu kilo! Kama unataka modeli yako ielee kwenye mstari wake halisi wa maji, hiyo ndiyo bajeti yako yote ya mbao, gundi, rangi na waya. Ikijaa makaa na mizigo Königsberg ilifika tani 3,814, yaani gramu 477 kwenye modeli. Tofauti ya gramu hizo 53 inaishusha modeli kwenye maji kama milimita 2 hivi, kwa hesabu ya haraka. Unaona sasa kwa nini tulianza na kalenda? Meli iliyopungukiwa makaa huelea juu zaidi, na mstari wa maji utakaouchora unategemea ni siku gani.

Mwendo nao una sheria yake. Königsberg ilifika noti 24 na ushee, karibu mita 12.4 kwa sekunde. Ukigawa kwa 200 unapata sentimita 6 kwa sekunde, na modeli itasogea kama kobe bila kutoa wimbi lolote linalofanana na la meli. Mhandisi wa Kiingereza William Froude, aliyejenga birika lake la majaribio Torquay miaka ya 1870, alionyesha kwamba mawimbi yanafanana pale mwendo unapogawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli. Kipeuo cha pili cha 200 ni 14.14, kwa hiyo modeli yako inatakiwa iende kama sentimita 88 kwa sekunde. Kwa njia hiyo meli halisi zimekuwa zikijaribiwa kwa vimodeli kabla chuma hakijakatwa. Watu wa uhandisi mitambo, hilo mmelikuta darasani. Wengine wote chukueni tu kwamba udogo una kanuni zake.

Hesabu ya tatu ni ya unene, na ndiyo inayotenganisha modeli nzuri na mbaya. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1. Kwenye 1:200 hiyo ni sentimita 2 za meli halisi. Bati la chuma la milimita 10 linatakiwa liwe milimita 0.05, yaani nusu ya karatasi ya fotokopi! Kwa hiyo ukitengeneza ukuta mdogo wa daraja la nahodha kwa kadi ngumu ya manila, umejenga ukuta wa zege. Ukingo ukionekana, uchonge kwa msasa mpaka uwe mwembamba. Sehemu ya ndani isiyoonekana iache nene. Ribiti za kwenye bati usiziweke kabisa. Kichwa cha ribiti cha sentimita mbili na nusu kinakuwa nukta ya milimita 0.125, na kila anayejaribu kuziweka huishia na meli yenye surua.

Mkuku, mataruma na mbao za Kariakoo

Vifaa si vya ajabu. Plaiwudi ya milimita 3, kadi za manila, gundi nyeupe ya mbao, gundi ya haraka, msasa wa namba tofauti, pati ya magari kwa kuziba mashimo, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe unaobadilishwa, na rula ya chuma. Vyote vinapatikana Kariakoo hata kabla bumu halijaingia, ukiacha tamaa. Na ukiwa pale kumbuka kwamba jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ile ile. Tutarudi kwa wapagazi.

Kwa mwili wa meli kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya tabaka: unachora umbo la meli lilivyo kila milimita 3 kwenda juu, unakata plaiwudi kwa kila umbo, unazipanga kama chapati na kuzigundisha, kisha unachonga ngazi zilizobaki mpaka zipotee. Kina cha milimita 26 kitakula tabaka tisa chini ya mstari wa maji. Njia hii inasamehe, lakini inazalisha meli nzito. Kumbuka gramu 424.

Ya pili ni ya mkuku na mataruma. Unakata mkuku mmoja wa urefu wote, unasimamisha juu yake mataruma kama 20, moja kila milimita 29, kisha unafunika kwa vipande vyembamba vya kadi. Maneno haya nimeyachukua kwa mafundi wa majahazi, lakini ujue kwamba fundi wa jahazi wa pwani yetu kwa desturi hufanya kinyume: anaanza na mbao za ubavuni, anazipinda kwa jicho na uzoefu, halafu mataruma yanafuata ndani. Yeye umbo liko kichwani. Sisi wa modeli umbo liko kwenye karatasi, kwa hiyo mifupa lazima itangulie. Ningependa siku moja mtu wa kitivo cha uhandisi aandike kuhusu hilo jicho la fundi, lakini hayo ni makala mengine.

Chochote utakachochagua, kagua ulinganifu kila siku. Laza mwili juu ya kioo cha dirisha, chora mstari wa katikati, pima kulia na kushoto kila baada ya sentimita tatu. Tofauti ya milimita moja kwenye modeli ni sentimita 20 za meli halisi. Angalia omo kwa makini: kwenye meli za wakati ule omo haikuelekea nyuma chini kama ya meli za leo, inateremka na kuchomoza mbele chini ya maji. Ukiikosea, meli nzima inageuka kuwa ya zama nyingine. Tezi yake, propela mbili na usukani vinaweza kurukwa kama modeli yako itakatwa kwenye mstari wa maji, na kwa mandhari ya Rufiji naona ni sawa kabisa kuvikata.

Jambo la kwetu hasa ni unyevu. Vitabu vya Ulaya havikuambii kwamba karatasi ya Dar es Salaam ni sponji. Kadi iliyokatwa Jumatatu kwa kipimo sahihi inaweza kuwa imejikunja Alhamisi. Dawa yake ni kupaka vanishi nyembamba pande zote mbili za kadi kabla ya kukata, uiache ikauke ikiwa imebanwa chini ya vitabu vizito. Hapo ndipo kamusi kubwa za maktaba zinapopata wateja.

Mabomba, na mizinga kumi

Mabomba matatu ndiyo sura ya meli hii, kwa hiyo yape muda. Zungushia karatasi juu ya kijiti cha unene unaostahili, gundi kidogo tu, kisha ongeza mikanda myembamba na mabomba madogo ya mvuke pembeni kwa waya. Mdomo wa juu lazima uwe mwembamba na wazi. Bomba lililozibwa juu linaua modeli. Weka yote matatu kwa mkupuo, ukiyapanga kwa rula moja ndefu, kwa sababu jicho la binadamu linasamehe mengi ila siyo vitu vitatu vilivyo karibu kunyooka.

Mizinga mikubwa ilikuwa kumi, ya sentimita 10.5: miwili ubavu kwa ubavu mbele, miwili hivyo hivyo nyuma, na mitatu kila upande katikati. Mtutu ulikuwa na urefu wa mara 40 ya tundu lake, yaani mita 4.2. Kwenye modeli ni milimita 21, na tundu lenyewe ni nusu milimita na nukta kidogo. Unapata wapi bomba la chuma lenye tundu la nusu milimita? Duka la dawa. Sindano ya geji 21, ile yenye kitako cha kijani, ina tundu la ndani la milimita 0.51. Ni kama vile kiwanda kiliwafikiria waunda meli. Nunua mpya, zisizotumika, kata ncha kwa kiwembe cha kusagia, na ncha zenyewe ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, zisiachwe kwenye pipa la taka la hosteli ambalo kuna mtu analimwaga kwa mikono yake. Mtutu halisi unanenepa kuelekea nyuma. Ongeza unene kwa mikanda ya karatasi iliyozungushwa na kuchongwa.

Nyaya za milingoti watu wengi wanaziweka nene mno. Kamba ya waya ya sentimita 2 inakuwa milimita 0.1. Uzi wa kushonea ni kamba ya nanga kwa skeli hii. Chukua fremu ya plastiki iliyobaki kwenye vifaa vyovyote, ipashe juu ya mshumaa mpaka ilegee, ivute taratibu: itatoka nyuzi nyembamba kuliko unywele. Dirisha liwe wazi, moshi wake si mzuri.

Rangi iwe tabaka nyembamba nyingi, siyo moja nene. Na usitumie nyeusi tupu wala kijivu kama kilivyo kwenye kopo. Meli ya mita 115 unaitazama kutoka mbali, hewa katikati inapunguza ukali wa rangi. Modeli nayo itazamwe hivyo hivyo. Changanya nyeupe kidogo katika kila rangi. Kwa Königsberg ya Rufiji ongeza uchafu wa miezi minane ya mto wa matope: mkanda wa kahawia juu ya mstari wa maji, michirizi ya kutu chini ya nanga. Majani ya kujifichia tengeneza kwa majani makavu yaliyosagwa au chai iliyokwisha kunywewa na kukaushwa, yote yapakwe rangi, maana chai ina rangi ya chai.

Watu wa milimita 8.5

Rafiki yangu wa historia aliposikia naandika somo hili aliuliza swali moja: kwa nini tutumie jioni za miezi sita kuunda chombo cha mkoloni? Ni swali halali, na sidhani kwamba linajibiwa kwa kusema "ni teknolojia tu".

Jibu langu liko kwenye skeli. Mtu wa mita 1.7 kwenye 1:200 ana kimo cha milimita 8.5. Modeli nyingi za manowari duniani hazina watu kabisa, au zina mabaharia wachache wamesimama sitahani kama vijiti. Sasa fuata historia ya meli hii uone nani aliibeba. Mwaka 1914 mitambo ya boila ilipohitaji matengenezo ambayo hayakuwezekana mtoni, vipande vilivutwa kwa nguvu za watu nchi kavu mpaka kwenye karakana ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita mia, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia ile ile. Meli ilipona kwa sababu ya migongo ya watu ambao hawamo kwenye mchoro wowote wa Kiel. Kwenye orodha ya meli utawakuta maofisa 14 na mabaharia 308. Wapagazi hawamo, maana hawakuwa "wa meli".

Ukiunda Königsberg peke yake, imeng'aa, juu ya kibao cha mbao chenye jina la shaba, umerudia orodha ile ile. Ukiiunda Rufiji, yenye mikoko pande zote, na ukingoni mstari wa watu wa milimita 8.5 na kamba begani na kipande cha boila nyuma yao, umeeleza kitu ambacho picha nyingi za wakati ule hazikujali kukipiga. Rafiki yangu bado anasema ni bora tuunde majahazi. Na aunde, nitamwazima msasa.

Kwa kazi ya watu: waya wa shaba mwembamba kutoka kwenye waya wa umeme, pinda miguu na mikono, ongeza gundi na vipande vya karatasi kwa nguo. Usiwafanye wote wasimame sawa. Mtu anayevuta mzigo anainama, miguu imetengana, kichwa kiko chini. Mikoko itengenezwe kwa waya uliosokotwa, mizizi kwanza, kwa sababu mkoko bila mizizi yake ya juu ni mwembe.

Mwenye ari zaidi anaweza kuongeza maadui. Severn na Mersey, zilizokuja kuimaliza Königsberg tarehe 6 na 11 Julai 1915, zilikuwa zimejengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilizama majini kama mita 1.7 tu, kimo cha mtu mmoja, na ndiyo maana ziliweza kuingia mahali ambapo meli kubwa zilikwama. Kwenye modeli ni milimita 8.5 dhidi ya 26 za Königsberg. Ziweke zote mbili kwenye kibao kimoja na huhitaji kumweleza mtu kwa nini mapigano yaliisha yalivyoisha, ila umtajie na ndege zilizoruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga.

Kabla ya kutengeneza mtutu wa kwanza, kama una safari ya Mombasa, pita Fort Jesus. Mmoja wa mizinga ya Königsberg uko pale, pamoja na mmoja wa Pegasus, maadui wawili wamewekwa uwanja mmoja. Omba ruhusa, pima, piga picha kila upande, hasa sehemu ya nyuma ambako kuna makorokoro ambayo michoro huyaruka.

Na ikiwa bado hujachagua siku, ipo moja ambayo sijaona mtu akiiunda. Looff aliilipua meli yake mwenyewe tarehe 11 Julai 1915, ikalala mtoni. Wiki zilizofuata mizinga yote kumi ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu na kutawanywa kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja ulifika mpaka Ziwa Tanganyika juu ya Graf von Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Modeli ya siku hizo ina mwili ulioinama ndani ya matope na sitaha yenye vitako vitupu. Mizinga iko pembeni, njiani kuelekea kaskazini, kila mtutu una milimita 21, na watu wa milimita 8.5 wameshika kamba. Idadi yao utaamua mwenyewe. Anza na waya wa kutosha watu hamsini.